Visa ya kwanza ya babu ilikuwa ya kuja Kisangani



Swali ambalo limerudi mara nyingi katika grupu letu mwaka huu ni moja: "Yaya, ni kweli Kenya iko bure sasa?" Jibu fupi: ndiyo, kwa kuingia. Tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2023, mwenye pasipoti ya Kongo haombi tena visa ya Kenya. Mwezi wa kwanza 2024 Kenya ikafuta visa kwa wageni wa dunia nzima, ikaweka mahali pake kibali cha kuombwa kwenye intaneti, kile wanachoita eTA, cha dola 30. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikutugusa. Na katikati ya 2025 wakakiondoa hata hicho kwa karibu Afrika yote. Basi ule wakati wa kulipa dola 51 umepita.

Jibu refu linachukua zaidi ya miaka mia moja, na ndilo nataka kuandika leo. Nilisoma historia, mtanivumilia.

Mwaka jana tulikuwa na maneno ya parseli na jirani. Tukafungua sanduku la bati la babu tukitafuta karatasi ya kiwanja. Ya kiwanja hatukuipata. Tulichopata ni kitambulisho chake cha wakati wa Mbelgiji, kile kijitabu, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 1949. Kifaransa chake kikavu kabisa: mtu huyu, mwana wa fulani, wa sheferi fulani karibu na Isangi, anaruhusiwa kwenda Stanleyville kwa ajili ya kazi. Muhuri. Sahihi ya mzungu. Jina la nyanya halimo.

Isangi mnaijua. Iko chini ya mto, pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, safari ya siku moja kwa balenyeri kama mota haiharibiki. Na kwa safari hiyo babu alihitaji kitu ambacho kwa Kifaransa kiliitwa passeport de mutation. Pasipoti! Neno hilohilo. Ya kutoka Isangi kuja Kisangani.

Sheria yake ni ya zamani. Dikri ya mwaka 1910 ndiyo iliyogawa watu wa Kongo katika sheferi, na kila mtu akawa wa sheferi yake kama mbuzi anavyokuwa wa kamba yake. Kutoka ilibidi ruhusa. Dikri ya 1933 iliendelea na mpango huohuo: anayetaka kukaa nje zaidi ya siku 30 awe na karatasi. Na pembeni ya miji ya wazungu, dikri ya 1931 ilikuwa imeunda zile sentre za watu weusi waliotoka nje ya mila, ambamo napo huingii kukaa bila kuandikishwa. Kwa hiyo kulikuwa na karatasi ya kutoka na karatasi ya kuingia, ndani ya nchi moja, tena kwa mwenyeji. Usiku, mweusi aliyekutwa katika mji wa wazungu bila kibali alilala polisi. Watu wa komini ya Tshopo wanaovuka leo saa nne za usiku kwenda kunywa bia Makiso wajue kwamba babu zao wasingeweza.

Mantiki yake haikuwa ngumu kuielewa. Leta ilihitaji watu wa kulima pamba, kuchonga barabara, kulipa kodi, na mtu asiyeonekana mahali pake hahesabiki. Karatasi ilikuwa kamba. Babu alipata yake kwa sababu bandari ilihitaji vibarua, si kwa sababu yeye alihitaji mji.

Nyanya alibaki. Karatasi yake yeye ilikuja zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na mama mkubwa alizaliwa kijijini katikati ya hapo. Babu alimwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari anatembea. Katika familia hadithi hii ilikuwa ya kuchekesha: mtoto alimkimbia babu akilia, akidhani ni polisi, kwa sababu ya kofia. Tumeicheka miaka mingi. Siku ile mbele ya sanduku hakuna aliyecheka.

Kabla ya kuendelea, jambo moja dogo, maana najua kuna atakayesema kwamba zamani kabla ya wazungu watu walitembea huru. Hiki Kiswahili ninachoandika kilifika hapa kwa miguu na kwa mitumbwi kutoka pwani. Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa na watu wake pale kwenye maporomoko, na mwaka 1887 Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls. Hakuna aliyempigia muhuri. Lakini watu waliopelekwa kwenye njia hiyohiyo wakienda mashariki, wengine shingoni wamefungwa, nao hawakupigiwa muhuri. Njia bila karatasi haikuwa njia ya uhuru kwa kila mtu. Ninayaandika haya ili tusipake zamani rangi.

Turudi Stanleyville, na kwa mtu ambaye kila mmoja wetu anamjua. Patrice Lumumba alikaa hapa kuanzia 1944, karani wa posta. Tunamkumbuka kwa hotuba, lakini ukifuata karatasi zake za safari unaiona nchi nzima. Kwanza aliomba ile karata ya immatriculation, iliyokuwa inampa mweusi "aliyestaarabika" baadhi ya haki za mzungu. Walikuwa wanakuja nyumbani kuangalia jinsi mtu anavyoishi. Lumumba walimkatalia kwanza. Aliipata mwaka 1954, baada ya kukata rufaa. Huyo ni mtu aliyekuwa anaandika katika magazeti na kuongoza vyama vya wasomi wa mji.

Mwaka 1956 alikuwamo katika kundi la Wakongo waliopelekwa Ubelgiji kwa safari ya masomo, kwa mwaliko wa serikali. Ilikuwa safari ya kuonyeshwa: hapa kiwanda, hapa jumba. Aliporudi, mwezi wa saba, alikamatwa kwa maneno ya pesa za posta, akafungwa.

Mwezi wa 12 mwaka 1958 kulikuwa na mkutano mkubwa wa watu wa Afrika huko Accra, kwa Nkrumah. Lumumba, Diomi na Ngalula walikwenda. Kasavubu naye alikuwa aende. Hakwenda, kwa sababu karatasi yake ya chanjo haikuwa sawa. Hebu fikirieni hapo kidogo. Kiongozi wa ABAKO, mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Léopoldville wakati ule, anabaki uwanjani kwa sababu ya chanjo. Lumumba alirudi kutoka Accra akiwa mtu mwingine, akahutubia umati, na jina lake likapanda. Sisemi historia ya Kongo iligeuzwa na kijikaratasi cha chanjo. Nasema tu kwamba anayeshika muhuri haji kila mara na bunduki. Mara nyingi anakuja na neno "haiko sawa, rudi kesho".

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mwezi wa 10 mwaka 1959 damu ilimwagika hapa mjini baada ya mkutano wa MNC, na Lumumba akakamatwa tena. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960 wakamhukumu miezi sita. Lakini huko Bruxelles ile Meza ya Duara ilikuwa imeanza siku moja kabla, na wajumbe wa Kongo wakasema bila Lumumba hakuna mazungumzo. Tarehe 25 akafunguliwa, tarehe 26 yuko Bruxelles, akionyesha wapiga picha alama za pingu mikononi. Kutoka gerezani Katanga hadi Ulaya kwa siku mbili. Leo mhitimu wa Kisangani mwenye barua ya chuo, picha mbili, karatasi za benki na cheti cha kuzaliwa anasubiri miezi.

Kutoka hapo nitakwenda haraka. Uhuru ulikuja, zile karatasi za sheferi zikafa, ingawa tabia haikufa: barabarani tumeendelea kuonyesha karatasi kwenye kila kamba iliyotandazwa. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi waliunda CEPGL, na watu wa mashariki wakajua tamu ya kuvuka na kitambulisho au kijikaratasi tu. Sisi wa Kisangani tuko mbali na mipaka, kwa hiyo hatukuionja sana. Mpaka vita vilipotuletea mpaka nyumbani.

Kuanzia 1998 mji ulikuwa chini ya RCD. Kinshasa ilikuwa upande mwingine wa mstari wa mapigano, mto umefungwa. Mto wenyewe, kilomita 1,734 mpaka Kinshasa, ukawa kama ukuta uliolala. Mjomba alikuwa na mke na watoto Kinshasa. Alikaa nao mbali mpaka baada ya zile siku sita za mwezi wa sita 2000, Wanyarwanda na Waganda walipopigana hapa kwa mizinga mikubwa juu ya vichwa vyetu, kisha akasema inatosha. Alikwenda Goma, akavuka Kigali, akafika Nairobi, na kutoka Nairobi akapanda ndege kwenda Kinshasa. Kutoka Kongo kwenda Kongo kwa kupitia nchi mbili za watu. Pasipoti aliyokuwa nayo iliandikwa Zaire, nchi iliyokuwa imekufa tangu 1997. Alituambia kwamba kila mlinzi aliifungua, akacheka, akapiga muhuri. "Nilisafiri na pasipoti ya maiti," ndivyo alivyopenda kusema.

Sasa tuje kwangu, halafu kwa mdogo wangu.

Mwaka 2016 nilialikwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki mbili ya kutunza nyaraka za zamani. Pasipoti wakati ule ilikuwa dola 185 kwa bei ya serikali. Mwaka uliofuata shirika la Reuters lilichapisha uchunguzi: katika kila dola 185 hizo, hazina ya nchi ilikuwa inabaki na 65 tu, na nyingi ya zilizobaki zinakwenda kwa kampuni za nje. Mimi niliposoma nilihesabu miezi mingapi ya kufundisha ilikuwa imekwenda nje na mkono wangu mwenyewe. Halafu visa. Kenya walikuwa wameishaiweka kwenye intaneti tangu 2015, jambo zuri, hakuna kupanga mstari. Ila ilipaswa kulipwa kwa karata ya benki, na mimi karata sikuwa nayo, na koneksyo ya mji wetu ilikuwa inakuja na kuondoka kama toleka isiyo na breki. Nilimtafuta mtu mwenye ndugu Kampala atulipie. Siku tisa zilipita katika "bado kidogo". Visa ilitoka siku ya Alhamisi. Mafunzo yalikuwa yameanza Jumatatu. Nilifika wiki ya pili. Cheti nilipata kama wengine, lakini kwenye picha ya pamoja simo, waliipiga siku ya pili.

Kwa wale waliotafuta Ulaya ilikuwa mbaya zaidi, na mnaijua kuliko mimi. Mlango uko Kinshasa, kwa hiyo unalipa ndege kabla hujalipa visa. Mwanzoni mwa 2018 Kinshasa na Bruxelles waligombana, na serikali yetu ikaifunga ile Nyumba ya Schengen. Mlango ulifunguliwa tena 2019 kwa jina lingine. Mwanafunzi wa Kisangani hakuwa na ugomvi na mtu, lakini mwaka wake wa masomo ulipita. Bei nayo: euro 60, kisha 80 mwaka 2020, na tangu mwezi wa sita 2024 ni 90. Wakikukatalia hawarudishi. Na Marekani walipotangaza mwezi wa sita 2025 orodha ya nchi ambazo watu wake hawaingii, nilipigiwa simu mbili usiku: "Yaya, wametufunga?" Ilikuwa Kongo ya Brazzaville. Siku chache baadaye ikatoka habari ya orodha nyingine ya nchi 36 zinazochunguzwa, na hapo sisi tulikuwamo. Sikumpigia mtu.

Kwa hiyo mkisikia furaha yangu kuhusu Nairobi, si ya uongo. Kongo kuingia katika Jumuiya mwaka 2022 tuliichukulia kama maneno ya wakubwa, lakini hii moja imeshuka mpaka chini. Ni mara ya kwanza naona karatasi inaondolewa kweli.

Mdogo wangu wa mwisho ni mkunga. Mwaka huu amepata nafasi ya masomo ya juu Nairobi. Aliponiambia alikuwa anaruka: "Yaya, visa hakuna! Ninabeba tu sanduku!" Nikamuuliza, pasipoti iko wapi? Akanyamaza.

Hapo ndipo sanduku la babu lilipoanza kunisumbua. Maana kinachotuzuia leo si karatasi ya mwisho, ile ya kuingia kwa watu. Ni ya kwanza, ya kutoka kwetu. Bei imeshuka, tuseme ukweli: kutoka 185 mpaka 99 mwaka 2020, na ile mpya ya 2025 imetangazwa kwa dola 75. Lakini bei iliyobandikwa ukutani na bei anayolipa mtu wa mkoa ni ndugu wa baba mmoja tu. Mdogo wangu amekwenda kwenye biro mara sita. Mara mashine haisomi vidole, mara anayeweka sahihi amesafiri. Mtu mmoja nje ya mlango amemwambia kuna njia fupi, akataja hesabu. Alikataa. Sijui kama nilimshauri vizuri, maana tarehe ya chuo haisubiri.

Tena "bila visa" si "bila karatasi", hili niliseme wazi kwa wadogo zetu. Unaruhusiwa kuingia na kutembea. Anayekwenda kusoma Kenya bado anatafuta kibali cha mwanafunzi, na anayekwenda kufanya kazi anatafuta kibali cha kazi. Ule mkataba wa soko la pamoja wa 2010 unaongea juu ya watu na wafanyakazi kutembea huru, lakini msomi mwenye mkataba mkononi na afisa mwenye muhuri mkononi, mnajua nani anaamua saa tano za asubuhi.

Na njia yenyewe. Mwaka 2016 nilipita Goma. Tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma iko mikononi mwa M23 na ndege haziendi. Kwa barabara ni Mambasa, Beni, Kasindi, na sitamwambia mtoto wa mama yangu apite huko sasa. Inabaki Kinshasa: uruke kwenda magharibi zaidi ya kilomita elfu moja, ulipe, ulale, halafu urudi mashariki ulikotoka. Ndege hiyo ni ghali mara nyingi kuliko ile visa iliyofutwa.

Yeye ana mtoto wa miaka miwili. Juzi tuliketi kupiga hesabu: pasipoti mbili, ndege mbili, ruhusa ya baba wa mtoto iliyopigwa muhuri komini. Hesabu ilikataa. Mama akasema mtoto atabaki naye. Tukaendelea kuongea mambo mengine, lakini mimi nilimwona mama akiangalia ukutani, kwenye picha ya dada yake mkubwa, yule aliyemkimbia babu akilia.

Wiki ijayo mdogo wangu anarudi biro kwa mara ya saba, nitamsindikiza. Nitaandika hapa yatakayotokea.

Wakati huo naomba kitu. Kama nyumbani kwenu Kabondo, Lubunga, Tshopo au popote kuna karatasi za namna hii, vitambulisho vya Mbelgiji, vibali vya kutoka sheferi, pasipoti za Zaire, vijikaratasi vya CEPGL vya wakati wa vita, msizichome na takataka za kiwanja. Pigeni picha pande zote mbili, funikeni majina kama hamtaki yaonekane, nitumieni. Nina tisa mpaka sasa. Katika hizo tisa, moja tu ndiyo ya mwanamke.